Ukichagua kazi ya kuchuma kwenye gemu, umechagua na watakaokupigia stori

MchumaMajani (mwenye uzi):

Wadau, habari za jioni.

Mwezi huu nimeulizwa swali moja mara tatu. Wawili ni majirani hapa Umoja, wa tatu ni kijana anayekaa kompyuta ya karibu na mlango pale saiba ninapokimbilia stima ikipotea. Swali: "Nikianza gemu, nichukue kazi gani ya kuchuma?" Wote watatu walirudi baada ya siku chache na swali la pili: kuna mtu ananiongelesha tangu niingie, hanyamazi, sitaki kumvunjia heshima, nifanyeje?

Watu huyajibu haya kila moja kivyake. Mimi nimechuma miaka mingi na naona ni swali moja. Kazi unayochukua ndiyo inayoamua utasimama wapi, utasimama kwa muda gani, mikono itakuwa na shughuli au itakuwa huru, na ni nani atasimama kando yako. Ukilijua hilo mapema, nusu ya shida ya wapiga stori hutaiona kabisa.

Kwa mgeni kabisa: kazi ya kuchuma ni ya kutoa malighafi. Kuchimba madini, kuchuma mitishamba, kuchuna ngozi za wanyama uliowaua, kukata miti, kuvua. Kazi ya ufundi ni ya kugeuza hiyo malighafi iwe panga, dawa au vazi. Ufundi hula mtaji, na anayeanza hana mtaji. Ndiyo maana kwenye World of Warcraft (WoW) wakongwe humwambia mgeni achukue kazi mbili za kuchuma, auze mnadani mali ikiwa ghafi, ufundi uje baadaye. Naukubali ushauri huo, ila naongeza onyo moja. Nafasi za kazi kuu ni mbili tu, na kwenye Classic, yaani toleo la WoW lililorudisha gemu ya zamani, ukiitupa moja ujuzi wote unakwenda nayo. Ukiirudia unaanza moja.

Kwenye Classic hiyo hiyo, iliyofunguliwa Agosti 2019, kuna jambo linalowakuta wengi. Uchimbaji unakuonyesha mawe kwenye ile ramani ndogo ya pembeni, na mitishamba inakuonyesha majani. Lakini huwezi kuwasha vyote viwili pamoja. Ukiwasha majani, mawe yanazimika. Aliyechukua kazi hizo mbili anashinda akibadilisha-badilisha, na kila akibadilisha kuna kitu anakipita bila kukiona. Kuchuna ngozi hakuhitaji alama yoyote, ngozi iko pale ulipomuua mnyama. Kwa hivyo ushauri wangu ni ngozi pamoja na moja kati ya zile mbili. Mkoba pia uuangalie: mchimbaji anabeba sururu, mchunaji kisu, mchuma mitishamba anakwenda mikono mitupu, na mikoba ya mwanzo ni midogo mno, kila nafasi unaihisi.

Hayo ni ya kazi. Sasa watu.

Mchimbaji na mchuma majani wa WoW ni watu wa kukimbia. Shina likiwa moja, wa kwanza kufika ndiye mwenyewe. Huko hakuna mtu wa kukupigia stori, na akikuandikia ujue ni kwa uchungu wa jiwe ulilomtangulia. Mchunaji ngozi ana majirani wazuri zaidi. Mtu anaua wanyama kwa ajili ya misheni yake na mizoga anaiacha, wewe unamuuliza kama unaweza kuchuna, anakubali, mnashukuriana, mnaachana. Ni maongezi mafupi yenye maana, na kwa mtu mwenye haya ni mahali pazuri sana pa kuanzia.

Kwenye Old School RuneScape tofauti hii unaiona ukiwa umesimama. Nenda kwenye mwamba wa chuma. Unahitaji kiwango cha 15 cha uchimbaji, mwamba unatoa jiwe moja na kukauka, na mkiwa wawili mnagombania sekunde. Watu hawasalimiani pale, anayeona mwenzake amefika anahamia dunia nyingine, yaani seva nyingine ya gemu hiyo hiyo. Kisha nenda Draynor kwenye mierebi, kiwango cha 30 cha kukata miti. Benki iko karibu, mti mmoja unakatwa na watu wengi, na tangu mabadiliko ya 2023 mkikata mti mmoja pamoja kila mmoja anaongezewa nguvu kidogo kwa sababu ya wenzake. Yaani gemu yenyewe inakutaka usimame na watu. Unabonyeza mara moja, mhusika wako anakata, wewe vidole viko huru. Watu wenye vidole huru watafanya nini? Wataongea.

Mimi nilianza hapo. Toleo la simu lilitoka Oktoba 2018, nami nilikuwa nikipanda matatu ya Jogoo Road kila asubuhi na jioni. Nilichagua miti kwa sababu haidai macho muda wote, na kwenye foleni unahitaji macho yako. Nilikuwa nakaa kiti cha ndani, mbali na dirisha, wenye kujua wanajua kwa nini. Data pia iliniruhusu, kwa sababu gemu za namna hii hula kidogo sana ukilinganisha na video.

Kulikuwa na mzee mmoja wa ng'ambo pale mierebini. Nasema mzee kwa sababu alinieleza wajukuu wake, mgongo wake, bustani yake na jirani yake aliyekata ua bila kuuliza. Jioni zote. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima akiongea humwachi na maneno mdomoni, basi nilikuwa namjibu kila sentensi, nikishuka kwenye matatu natembea nikiandika. Ilifika mahali naogopa kuingia kwenye gemu niliyoipenda. Nikaanza kuhamia dunia nyingine nikiona jina lake, na kila nikifanya hivyo moyo unanisuta kama niliyempita mtu wa nyumbani barabarani bila salamu.

Siku moja nikamwambia wazi: mzee, nakusikia, ila niko safarini na siwezi kujibu yote. Akaniandikia kwamba hakuwahi kungoja majibu, alitaka tu kuongea mahali penye mtu. Nililisoma jibu hilo mara kadhaa. Miezi yote ile nilidhani ananidai kitu. Baada ya hapo tulikata miti pamoja zaidi ya mwaka, yeye akiongea, mimi nikiandika neno moja moja.

Ndipo nikajifunza ninachomwambia kila mgeni. Muda useme wakati wa salamu, usisubiri uchoke. Mkoba wa RuneScape unabeba vitu 28, na kila mchezaji anajua. Ukisema "Salama kaka, nina mkoba mmoja wa mierebi kisha naondoka," umempa kipimo anachokiona kwa macho. Mkoba ukijaa, unaaga, na hakuna aliyetukanwa. Anayenyamaza bila kujibu salamu kisha akazima chati ghafla ndiye anayezua visa, kwa sababu yule mwingine hajui amekosa nini.

Lakini lazima nimtenganishe mpiga stori na mwindaji, maana wote wana maneno mengi. Pale Grand Exchange, soko kuu la RuneScape, utakutana na watu wanaotangaza kwamba ukiwapa pesa watakurudishia maradufu. Mara ya kwanza atarudisha kweli, kiasi kidogo. Sisi wa Nairobi tumewaona hawa, ni pata potea ileile ya mitaani, anayeshinda mbele ya macho yako ni mtu wao. Kwenye Albion Online mwindaji ana sura nyingine: anakusifu kwa vifaa vyako, anakuambia anajua mahali penye madini mengi, anakupeleka kanda nyekundu au nyeusi. Kule ukiuawa unapoteza kila ulichobeba. Kanda ya njano unaangushwa tu, vifaa vinabaki vyako. Mgeni achume ya buluu na ya njano mpaka ajue njia. Mpiga stori wa kweli anaongea mambo yake. Mwindaji anauliza mambo yako: umebeba nini, una pesa ngapi, uko peke yako?

Nimemaliza upande wangu. Wenye uzoefu tofauti, karibuni.

Kambakoche:

Mwenye uzi, nimekusoma mpaka mwisho, asante. Ila mahali pamoja tunatofautiana. Umeandika kana kwamba maongezi ni mvua na kazi ni mwavuli. Mimi nilichagua uvuvi kwa sababu ya maongezi.

Nimezaliwa Pwani nikahamia South B kikazi, sikuwa na watu. Kazi za zamu, ukirudi nyumbani saa saba usiku unamwamsha nani? Nikawa navua kambakoche Karamja. Wasiopajua: unahitaji kiwango cha 40 cha uvuvi na dema, unalipa sarafu 30 kupanda jahazi kutoka Port Sarim, na gatini mko wavuvi kumi mnangoja. Mtu aliyevua anaijua hali hiyo. Mvuvi hangoji akiwa kimya, hata baharini kwenyewe.

Na kuna hesabu ambayo mgeni aijue kabla ya kukimbia watu. Kiwango cha juu ni 99. Ukifika 92 unadhani umekaribia, kumbe ndiyo uko nusu ya safari, uzoefu uliobaki ni sawa na wote uliokusanya tangu moja. Nusu hiyo ya pili ukiifanya kwenye ukimya utaacha gemu. Mimi nimefika 99 kwa sababu kulikuwa na watu wa kuniuliza leo umefikia wapi.

Kwa hivyo, mwambie kijana wa saiba asichague mwamba wa chuma kwa kuogopa watu tu. Kwanza ajiulize jioni anarudi kwenye nyumba yenye watu au tupu.

DadaWaRongai:

Kaka Mchuma, heshima yako, lakini hii ya kuaga vizuri na kutaja muda haifanyi kazi kwa kila mtu. Nitasema kwa sababu dada wengine wanasoma bila kuandika.

Mimi nikisema nina mkoba mmoja, kuna anayesema sawa, tuendelee WhatsApp. Nikisema sitoi namba, anauliza kwa nini, nimemfanyia nini. Akijua natoka Nairobi anataka mtaa. Huyo haongei mambo yake, anauliza yangu, kama ulivyosema, lakini hatafuti madini. Simpi maelezo. Naweka jina lake kwenye orodha ya kupuuzwa sekunde hiyo hiyo na naendelea kuvua. Ilinichukua muda kukubali kwamba kutomjibu si utovu wa adabu.

Chama cha kwanza cha wachezaji nilichojiunga nacho, kiongozi alitaka kila mtu awe kwenye simu ya sauti wakati wa kuchuma, eti ndiyo umoja. Kuchuma! Ningeelewa kama tunapigana na dubwana ambapo sekunde moja inaua watu. Nilipokataa nikaambiwa najitenga. Nilitoka, nikapata chama kingine ambacho sauti ni hiari, na niko huko mpaka leo.

Kitu kingine cha kuongeza. Nilicheza Final Fantasy XIV kwa akaunti ya majaribio, ile ya bure. Wakati huo mwenye akaunti hiyo hakuweza kupiga kelele kwenye chati ya eneo wala kuanza kumwandikia mtu faraghani. Wengi walilalamika, mimi ilinifaa kujifunza gemu kwa utulivu. Na mhusika mmoja anaweza kujifunza kazi zote tatu za kuchuma, uchimbaji, mimea na uvuvi, bila kutupa hata moja, kwa hivyo huna cha kujutia. Ubaya wake ni kwamba akaunti ya majaribio haiingii sokoni. Unachochuma unatumia mwenyewe au unawauzia wahusika wa gemu kwa bei ya kutupa. Anayetaka biashara pale hapamfai.

MchumaMajani:

Dada, umenisahihisha na nakubali. Adabu niliyoieleza ni ya mtu anayekurudishia adabu. Akishaomba namba na ukamkatalia mara moja, hana tena haki ya mkoba mmoja. Nitayarudia maneno yako kwa yule jirani yangu wa pili, ni msichana wa kidato cha nne na swali lake la pili lilikuwa hilo hilo, ila mimi nilimjibu kana kwamba anayemsumbua ni mtu kama yule mzee wangu. Nilikosea.

Na hili la sauti ni kweli. Kuchuma ni kazi ya mtu na pumzi yake.

Kambakoche, sina la kukupinga. Nyumba yangu ina watu wanne na chumba kimoja cha kukaa, labda ndiyo maana natafuta kimya kwenye gemu.

Fundi_Kayole:

Mnaongea sana watu, bei hamtaji. Mimi ni wa Albion, nachuma nyuzi. Mgeni ajue kila kanda ina mali yake: msitu mbao, kinamasi nyuzi, milima madini, nyika ngozi, nyanda za juu mawe. Sasa kilichofichwa ni hiki. Mji ulio kwenye kinamasi, Thetford, hauna nafuu (kurudishiwa mali zaidi) ya kusafisha nyuzi ziwe vitambaa, una nafuu ya madini. Nafuu ya nyuzi iko Lymhurst, msituni. Kwa hivyo mali lazima isafirishwe, na anayesafirisha ndiye anayekula. Ni kama sukuma: aliyelima Kinangop na anayeuza Marikiti hawapati sawa.

Wapiga stori? Waulizeni bei. Anayepiga stori sana sokoni huwa anajua mji gani umepungukiwa na nini. Nimepata biashara zangu nzuri kwa kusikiliza tu.

Ghafi21:

Samahani kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote. Mimi ni mgeni. Nina simu ya kawaida tu, nacheza kwa muda wa saa mbili kila usiku baada ya kazi, kuanzia saa tatu. Nimejaribu kuchimba chuma RuneScape, kila mwamba umechukuliwa. Nikienda kwenye miti, watu wanaongea Kiingereza haraka, siwezi kufuata. Pia nimeshindwa kuuza nilichochimba. Nichague nini?

MchumaMajani:

Karibu sana ndugu, na usiombe samahani.

Nianze na la kuuza, kwa sababu hilo si kosa lako. Akaunti mpya ya bure imewekewa vikwazo: baadhi ya malighafi huwezi kuziuza mpaka utimize saa 20 za kucheza, pointi 10 za misheni na jumla ya viwango 100. Usiuze kwa mtu anayekuambia atakusaidia kukwepa. Weka mali benki, fanya misheni ndogo ndogo za mwanzo, siku chache utafunguliwa.

La pili, saa yako. Saa tatu na saa nne usiku huku Nairobi, Ulaya ndiyo inafika saa mbili jioni, wametoka kazini wote. Umeingia sokoni watu wakiwa wengi kabisa. Ukiweza kuamka, jaribu saa kumi na moja alfajiri kwenye dunia za Ulaya. Wenyewe wamelala, miamba iko wazi. Mimi majani yangu mengi ya WoW nimeyachuma saa hiyo, na huwa nakumbuka Marikiti, ambako kufikia jua kuchomoza mzigo mzuri umeshaondoka. Hata hivyo usijinyime usingizi kwa ajili ya mawe.

Kama alfajiri haiwezekani, acha chuma kwa sasa. Kavue Barbarian Village, kiwango cha 20 unapata trauti na 30 unapata samoni, unahitaji ufito na manyoya tu. Samaki hawagombaniwi kama mwamba. Hakuna anayekufukuza, na watu wapo ila hawakubani.

Kuhusu Kiingereza cha haraka, hutakiwi kufuata. Kuna kitufe cha chati ya hadhara, ukiweke kwenye marafiki pekee, kelele zote zinaondoka na unabaki na mto na ufito wako. Ukitaka kuwasikia tena unafungua. Halafu andika "Habari" kwa Kiswahili. Usicheke, fanya. Nimewahi kuandika hivyo pale Draynor usiku, dakika tano baadaye mtu wa Tanga akajibu, na mwingine wa Goma.

Kambakoche:

Ghafi21, ukifika 40 unitafute, dema la kwanza nitakununulia mimi. Jumamosi huwa niko gatini kuanzia saa nne usiku.

Ghafi21:

Nimefika 23. Nimeandika "Habari" jana. Hakuna aliyejibu, lakini leo nitaandika tena.